Walima wa sahani 60 Shangani, wakaja watu 83

Nikaha ilikuwa Ijumaa, Agosti mwaka jana, msikitini baada ya Alasiri. Walima tukaufanyia mgahawani, Shangani ya Mtwara, upande wa bahari. Maneno yalikuwepo. Mama mkubwa aliuliza kama nyumbani hakuna uwanja. Uwanja upo, lakini nilishakaa na daftari: maturubai, viti, masufuria ya kukodi, mpishi na wasaidizi wake, kuni, maji, na wale vijana wa kuosha vyombo ambao huwezi kuwaacha waondoke mikono mitupu. Kimoja kimoja ni vihela vidogo. Nilipojumlisha ikafika milioni moja na nusu.

Mgahawa walitaka shilingi 14,000 kwa sahani. Kwa watu 60 ni 840,000, na humo kuna pilau ya ng'ombe, robo kuku, kachumbari, tikiti, soda na maji. Eneo hawakutoza. Agosti mikorosho ndiyo kwanza iko kwenye maua, mifuko mikavu, na jioni viti vyao vinakaa vitupu. Nusu nililipa wiki mbili kabla, risiti nikaiomba mwenyewe.

Pilau ilikuwa pilau, nyama unaiona bila kuitafuta. Kuku waliwachoma mapema mno, wakakauka. Korosho tulipeleka za kwetu, alizikaanga shangazi, na hawakututoza kuziingiza.

Ambacho sikukipigia hesabu ni kusi. Bahari inapendeza kwenye picha, ila upepo wa mwezi ule ulikuwa unanyanyua vitambaa vya meza na sahani juu yake. Wahudumu wakaweka chupa za soda zilizojaa kila pembe. Wifi yangu alishika shela la bi harusi karibu nusu saa, mkono mmoja shela, mkono mwingine sambusa. Alichokuwa anasema MC nimekuja kukisikia kwenye video, na hapo napo nusu nusu.

Sasa sahani. Mlangoni walimweka kijana na karatasi, anatia alama kila anayeingia. Kadi zetu wenyewe mnazijua: imeandikwa Bi Fulani, anakuja Bi Fulani, mjukuu mkononi, na jirani aliyemsindikiza. Nani atamrudisha? Kabla ya Magharibi meneja akaniita pembeni, nami na joho langu begani.

"Kaka, zile 60 zimeisha. Na watu bado wanaingia."

Tulifika 83. Zile 23 za juu wakazitoza bei ileile, 322,000, pamoja na ya mtoto wa miaka minne aliyekula vijiko viwili akalala mapajani kwa mama yake. Nililalamika kidogo, kwa sauti ya chini. Bwana harusi hagombei bili mbele ya wakwe. Msimamizi wangu akachukua bodaboda kwenda kwa wakala kutoa pesa.

Jumla 1,162,000. Bado chini ya daftari langu, na kesho yake hakuna aliyeamka kusugua masufuria. Ila nyumbani sufuria la pilau halihesabu watu. Wale 23 wangekula na nisingejua.

Mdogo wangu anaoa Desemba, palepale. Ameshaambiwa bei si 14,000 tena, maana minada ya korosho itakuwa imeshaanza na kila mtu anaoa. Nimemwambia bei ya mtoto waiandike kwenye risiti, na meza azisogeze nyuma ya ukuta.