Onyo la leya mpya katika AutoCAD: liwashe kwa 1 na 7, achana na 2 na 63

Kiputo kinachochomoza chini kulia mwa skrini na kutaja leya (matabaka ya mchoro) ambazo bado hazijapitishwa, yaani hujathibitisha kwamba umeziona, wachoraji wengi hukizima siku ileile wanapokutana nacho. Tunawaelewa, ila hatukubaliani nao. Onyo hili lipo katika AutoCAD, programu ya kuchora michoro ya kiufundi, tangu toleo la 2008, na ni kati ya vyombo vichache vinavyokuambia kwamba faili la mwenzako limebadilika kabla karatasi haijatoka kwenye printa. Tatizo lake ni mipangilio. Likiachwa limezimwa, huna msaada wowote. Likiwashwa lote kwa mkupuo, linakusumbua kila dakika chache mpaka unaacha kulisoma. Katikati ya hapo kuna mpangilio mmoja unaofanya kazi vizuri sana.

Tuanze na namna linavyofikiri. Mchoro mpya unapohifadhiwa au kuchapwa kwa mara ya kwanza, AutoCAD huchukua orodha ya leya zilizomo na kuzihesabu kuwa zinajulikana. Hiyo ndiyo orodha ya msingi. Leya yoyote itakayoongezeka baadaye inalinganishwa na orodha hiyo, na kama haimo inapewa alama ya kutopitishwa, kisha inakusanywa kwenye kichujio kinachojitengeneza chenyewe kiitwacho Unreconciled New Layers ndani ya dirisha la Layer Properties Manager. Ukizipitisha zote, kichujio hicho kinatoweka.

Vigeu, yaani mipangilio inayowekwa kwa kuandika jina na namba kwenye mstari wa amri, vinavyoongoza mambo haya ni vitatu, na kuvichanganya ndiko chanzo cha malalamiko mengi. LAYEREVAL huamua kinachokaguliwa: 0 hakuna, 1 leya mpya zinazoletwa na michoro ya rejea tu, yaani faili za michoro mingine zilizoambatishwa kwenye wako kwa amri ya XREF, na 2 ni leya zote mpya, hata zile ulizotengeneza mwenyewe dakika moja iliyopita. LAYERNOTIFY huamua ni wakati gani uonywe. Thamani yake ni jumla: 1 wakati wa kuchapa, 2 wakati wa kufungua faili, 4 wakati wa kuambatisha au kupakia upya mchoro wa rejea, 8 wakati wa kurejesha hali ya leya iliyohifadhiwa, 16 wakati wa kuhifadhi, 32 wakati wa kuingiza bloku (kundi la maumbo linalotumika kama kitu kimoja). Vyote hivi viwili hukaa ndani ya mchoro. Cha tatu, LAYEREVALCTL, hukaa kwenye kompyuta: kikiwa 0, hakuna ukaguzi wala onyo kwa mchoro wowote unaofunguliwa hapo, hata kama mchoro wenyewe umepangwa vizuri.

Asiyependa kuandika amri anaweza kufungua Layer Properties Manager na kubofya alama ya gia ya Settings. Sehemu ya juu, New Layer Notification, ina machaguo hayohayo kwa visanduku vya kuweka tiki. Sisi tunaona mstari wa amri ni wa haraka zaidi, na namba inaweza kunakiliwa kwenye kiolezo (faili la kuanzia michoro mipya) bila kukosea tiki.

Tunapendekeza LAYEREVAL 1 na LAYERNOTIFY 7. Saba ni 1 + 2 + 4: kuchapa, kufungua, na kupakia rejea. Hizo ndizo nyakati ambazo kazi ya mtu mwingine inaingia kwako au inatoka kwako kwenda kwa mteja. Kumi na sita haifai kwa sababu mchoraji makini huhifadhi kila baada ya dakika chache, na onyo linalokuja kila dakika chache halisomwi. Thelathini na mbili ukiwa kwenye LAYEREVAL 1 haina maana yoyote, kwa kuwa leya zinazoingia pamoja na bloku si za mchoro wa rejea, hivyo hazikaguliwi. Na ukiweka LAYEREVAL 2 pamoja na LAYERNOTIFY 63, yaani nyakati zote sita, unaulizwa juu ya leya ambazo wewe mwenyewe umezitaja jina na kuzipa rangi. Hapo ndipo watu wanapochoka na kuzima kila kitu.

Ili faida yake ionekane, chukua karatasi ya taa. Mchoro wa msanifu umeambatishwa kama rejea, jina la faili ni MSINGI. Kwenye dirisha la mwonekano la karatasi hiyo, yaani fremu inayoonyesha mchoro kwenye karatasi, umegandisha (umeificha) leya ya fanicha, MSINGI|A-FURN, ili meza na viti visifunike alama za taa. Kigeu cha VISRETAIN kiko 1, kwa hiyo mabadiliko yako kwenye leya za rejea yanahifadhiwa ndani ya mchoro wako. Kila kitu kiko sawa, mpaka msanifu anapoamua kugawa fanicha mara mbili na kuibadili A-FURN kuwa A-FURN-FIXD na A-FURN-LOOS. Kwa AutoCAD, jina likibadilika leya ni nyingine. Kugandisha kwako kulifungwa kwenye jina la zamani, na jina hilo halipo tena. Leya mbili mpya zinaingia zikiwa wazi kwenye madirisha yote ya mwonekano, zikiwa na rangi na unene wa mstari aliouchagua msanifu. Ukiwa kwenye skrini umejisogeza kwenye kona ya jengo isiyo na fanicha, huoni lolote. Karatasi inatoka na meza juu ya taa.

LAYERNOTIFY ikiwa 7, kiputo kinatokea mara tu unapofungua faili hilo, au unapopakia rejea upya. Unabofya kiungo kilichomo, Layer Properties Manager inafunguka ikiwa imechuja leya hizo mbili tu. Hapa usikimbilie kuzipitisha. Nenda kwanza kwenye karatasi yenyewe, kwa sababu safu ya VP Freeze, ya kugandisha leya ndani ya dirisha moja la mwonekano, haionekani ukiwa Model (sehemu ya kuchorea), kisha bofya mara mbili ndani ya dirisha la mwonekano ili liwe hai. Gandisha, rekebisha rangi na unene wa mstari, angalia safu ya Plot. Baada ya hapo chagua leya zote, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, na uchague Reconcile Layer. Kama madirisha ni mengi, amri ya VPLAYER inaokoa muda: andika VPLAYER, F, kisha *|A-FURN*, kisha A kwa madirisha yote au S ili uchague machache. Nyota na alama ya mstari wima zinafanya amri iguse leya za michoro ya rejea tu na kuziacha leya zako zenye jina kama hilo.

Tunalisisitiza hili kwa kuwa limewaponza wengi: kupitisha leya hakurekebishi chochote. Hakugandishi, hakubadili rangi, hakuilinganishi leya na viwango vya ofisi yako. Kunaondoa alama tu, kana kwamba umesema umeiona. Mtu anayechagua zote na kuzipitisha ili kiputo kiondoke amejinyima nafasi yake ya mwisho ya kulikamata kosa, maana leya hiyo haitatajwa tena. Na AutoCAD haiweki kumbukumbu ya nani aliipitisha wala lini. Hii tunaihesabu kuwa kasoro kubwa kuliko zote za chombo hiki, hasa pale faili moja linapopita mikononi mwa wachoraji watatu kwa wiki. Dawa iliyopo ni ya mkono: andika kwenye daftari la mradi leya zilizoingia na ulichozifanyia.

Wanaotumia Layer States Manager, dirisha la kuhifadhi na kurejesha hali za leya, waongeze 8, jumla iwe 15. Hali ya leya iliyohifadhiwa mwezi uliopita haijui leya iliyoingia jana, na ukiirejesha leya hiyo inabaki jinsi ilivyokuja. Kuna chaguo ndani ya dirisha hilo la kuzima leya zisizokutwa kwenye hali iliyohifadhiwa. Linasaidia karatasi ibaki safi, lakini lina hatari ya upande wa pili: kama leya mpya ilikuwa ya ukuta, ukuta unapotea kwenye karatasi. Onyo la 8 ndilo linalokufanya uangalie kabla ya kuliamini chaguo hilo.

Kusambaza mpangilio huu kwenye mradi mzima ni kazi ya nusu saa. Michoro mipya iache ipate thamani kutoka kwenye kiolezo: fungua faili la DWT, weka vigeu viwili, hifadhi. Michoro ya zamani haitafuata kiolezo, kwa hiyo tumia faili la SCR (orodha ya amri ambazo AutoCAD huzitekeleza yenyewe) lenye mistari hii:

LAYEREVAL 1
LAYERNOTIFY 7
-LAYER E *

Baada ya mstari wa tatu lazima uache mstari mmoja mtupu, kwani kila mwisho wa mstari kwenye SCR unahesabiwa kama Enter, na -LAYER haitoki mpaka ipate Enter ya ziada. Mstari huo ukikosekana, amri inabaki wazi na kinachofuata kinaharibika. E ni chaguo la rEconcile, na nyota inapitisha leya zote zilizopo ili uanze na ukurasa safi. Kwa kweli LAYEREVAL ikitoka 0 kwenda 1 leya zilizopo huhesabiwa kuwa zimeshapitishwa, lakini faili ambalo tayari lilikuwa na 1 au 2 huenda lina mabaki. Fanya hivi baada ya kuukagua mchoro, kamwe si kabla.

Wengine huweka thamani kwenye acaddoc.lsp, faili linalosomwa kila mchoro unapofunguliwa. Inafanya kazi, ila setvar (amri ya kuweka thamani ya kigeu) tupu inagusa kigeu kilichomo ndani ya mchoro, na AutoCAD inaweza kukuuliza kama unataka kuhifadhi mabadiliko hata ulipofungua kuangalia tu. Weka sharti kwanza:

(if (/= (getvar "LAYERNOTIFY") 7) (setvar "LAYERNOTIFY" 7))

Hivyo faili ambalo tayari liko sawa haliguswi.

Mitego miwili huwapata hata wazoefu. Wa kwanza: unafungua Layer Properties Manager na leya zako mia mbili zimebaki tatu. Hazijafutwa. Kichujio cha leya mpya ndicho kilichobaki hai baada ya kubofya kiputo. Bofya All kwenye mti wa vichujio upande wa kushoto na zote zinarudi. Wa pili: mchoro uleule unatoa onyo kwa mwenzako lakini kwako kimya. Andika LAYEREVALCTL. Ikijibu 0, mtu alikizima kwenye kompyuta hiyo, pengine zamani sana ili aepuke kiputo kwenye faili moja tu. Kirudishe 1. Kuzima kero ya faili moja kunafanywa kwa LAYERNOTIFY 0 ndani ya faili hilo.

Usilichukue onyo hili kama mbadala wa CHECKSTANDARDS, amri ya kukagua mchoro dhidi ya viwango. Ile inalinganisha sifa za leya, mitindo ya maandishi, vipimo na aina za mistari na faili la DWS (faili la viwango) ulilolichagua, na inajua kwamba leya ya ukuta haikupaswa kuwa nyekundu. Onyo la leya mpya halijui chochote kuhusu rangi sahihi wala jina sahihi. Linajua tu kwamba jana jina hilo halikuwepo. Kwa michoro yako mwenyewe, CHECKSTANDARDS inatosha na LAYEREVAL 2 haiongezi kitu. Faida ya onyo hili iko kwenye michoro ya rejea, kwa sababu huko huna mamlaka ya kusahihisha faili la mwenzako, na unachoweza kufanya ni kujua mapema kilichobadilika.

Anayechora peke yake, bila rejea hata moja, aache LAYEREVAL kwenye 0. Anayepokea faili za msanifu, mhandisi wa miundo na mtu wa mabomba kila wiki, aweke 1 na 7 leo, kisha kabla ya kila uchapaji wa mwisho apakie rejea zote upya, asome kiputo, na akague dirisha moja moja la mwonekano kabla ya kubofya Reconcile Layer.