Maneno yangu 24 niliyakuta yameshaandikwa

Wiki kadhaa sasa na hasira haijapoa. Nilinunua kile kifaa kidogo cha kuhifadhia funguo za kripto, hizi hela za mtandaoni kama Bitcoin, kwenye duka moja la simu hapa Mwanga, Kigoma. Hela ya dagaa na mawese hiyo, misimu miwili ya kujinyima. Nafungua boksi, sili imekatwa. Ndani kuna kikaratasi kimeandikwa kwa peni: maneno 24, na namba ya siri chini yake. Namuuliza kijana wa duka kaandika nani, ananijibu huku macho yakiwa kwenye simu yake: "Mama, nimeshakuwashia, wewe weka hela tu. Watu wazima mnasumbukaga na hivi vitu."

Weka hela tu! Maneno hayo 24 ndiyo hela yenyewe. Anayeyajua hana haja na kifaa changu wala namba yangu. Anayaingiza kwenye pochi yake ya kripto popote alipo, anakomba kila kitu, na hakuna benki ya kupigia simu izuie. Benki Kuu ilishatangaza tangu 2019 kwamba hizi si fedha halali nchini, sasa ningekwenda kulia wapi? Nilipomweleza akapandisha sauti mbele ya wateja: "Kwani mimi mwizi?" Sijui. Pengine ni ujuaji tu. Mimi ningelala njaa vilevile.

Nilitaka niandike msinunue kabisa. Lakini kifaa chenyewe, haki ya Mungu, hakina kosa. Nilikifuta chote, kikanitolea maneno mapya kwenye kioo chake, bila kupita kwenye simu wala intaneti. Yanatoka kwenye orodha ya maneno 2048, ya Kiingereza. Ya Kiswahili haimo, na hilo linaniuma. Herufi nne za mwanzo zinatosha kulitambua kila neno, basi nikazigonga nne nne kwenye kipande cha chuma cha pua, usiku, mwenyewe, bila fundi. Karatasi kwa mvua na mchwa wa huku haidumu. Nikaweka kiasi kidogo, nikakifuta kifaa tena, nikakirudisha kwa maneno yangu. Hela ikarudi yote! Nilipiga kigelegele peke yangu chumbani.

Kwa hiyo kifaa nakipa tano kwa tano. Duka, hata moja siwapi.

Juzi nimepita pale, kwenye kabati la kioo kuna boksi mbili zaidi, sili zimekatwa vilevile. Dada mmoja alikuwa anaulizia bei. Nikamshika mkono, nikatoka naye nje.