Matoleo ya Kwanza ya Gurnah: Uanze na Kipi?

Tangu Abdulrazak Gurnah apewe Nobel ya Fasihi Oktoba 2021, riwaya zake za zamani zimekuwa kama karafuu mwaka wa uhaba: mwenye gunia moja hujiona tajiri. Nyingi zinazotangazwa kuwa "toleo la kwanza" si toleo la kwanza. Hizi ni zile tano za karne iliyopita, nilivyozipanga kwa mnunuzi asiye na pesa za kuchezea.

Juu kabisa naiweka Paradise (Hamish Hamilton, London, 1994), iliyoingia orodha fupi ya tuzo ya Booker mwaka ule. Fungua ukurasa wa hakimiliki. Maneno "First published 1994" yasikutosheleze. Tazama chini yake safu ya namba, 1 3 5 7 9 10 8 6 4 2. Mpangilio huo usikubabaishe, maana kinachotafutwa ni namba ndogo kuliko zote. Ikiwapo 1, ni chapa ya kwanza, yaani ya mkupuo wa kwanza mtamboni. Iliyo ndogo kuliko zote ikiwa 2 au 3, kitabu kilisharudi mtamboni. Mtego uko hapa: riwaya ikitolewa upya kwa jalada laini, mchapishaji huanza safu yake mwenyewe, nayo huwa na 1 vilevile. Basi hakikisha jina ni Hamish Hamilton na jalada ni gumu. Toleo la The New Press la New York, nalo la 1994, ni la kwanza kwa Marekani tu. Usililipie bei ya lile la London.

Ya pili ni Memory of Departure (Jonathan Cape, 1987). Kwa heshima ingeongoza, kwani ndiyo riwaya yake ya kwanza, ila bei yake inakatisha tamaa. Hapa soma maneno: mwaka 1987 usimame peke yake, pasiwe na mstari unaotaja kuchapishwa tena. Kagua pia mihuri ya maktaba na alama za gundi ndani ya jalada. Nakala iliyotoka maktaba ni ya kusoma, si ya kuweka akiba.

Kwa zote, jaketi ya karatasi inayovishwa juu ya jalada ndiyo nusu ya mali, na mimi kitabu kisicho nayo sikigusi. Bei kwa pauni huwa kwenye ubawa wake, ile sehemu inayokunjwa kuingia ndani ya jalada. Kona ya ubawa yenye bei ikiwa imekatwa, usilipe bei kamili. Pasipo bei kabisa na kona ni nzima, shuku toleo la klabu ya vitabu, yaani lililochapwa kwa wanachama wake.

Mfuko ukiwa mwembamba, Admiring Silence (Hamish Hamilton, 1996) inafaa kuanzia. Pilgrims Way (1988) na Dottie (1990), zote za Cape, waachie wanaotaka kukamilisha seti.

Kabla ya kutuma pesa, dai picha tatu: ukurasa wa hakimiliki, ubawa wa jaketi, na sahihi ya Gurnah kama inadaiwa ipo. Muuzaji akikurudishia picha ya jalada tu, tafuta mwingine.