Kambi ya mpira ya likizo Unguja: uwanjani sawa, mezani hapana

Wazazi wenzangu hapa Wete, Pemba, wananiuliza sana kama ile kambi ya mpira ya likizo inafaa, na nimechoka kujibu kwa vipande vipande huku mguu uko kwenye cherehani. Basi naandika mara moja, anayetaka asome. Jina lao silitaji. Wenye watoto wa rika la mwanangu wanaijua, maana tangazo lake linazunguka kwenye simu kila skuli zikikaribia kufungwa, lile lenye kijana kavaa jezi ya timu ya Ulaya na nyuma yake ndege.

Bei kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoulizwa kabla ya salamu. Ada ni 280,000, analala na kula. Jezi na soksi 45,000, na huwezi kusema anazo zake. Video ya kumrekodi akicheza 80,000, ambayo wanasema ni hiari, lakini wanakwambia mbele ya mtoto kwamba asiye na video maskauti, hao watafuta vipaji wa klabu, hawatamkumbuka. Utakataa vipi hapo, naye anakutazama usoni? Jumla 405,000, bado nauli ya gari mpaka bandari ya Mkoani na meli kwenda na kurudi. Mie sare moja ya skuli nashona kwa elfu nane, kwa hivyo hesabu yake naijua vizuri. Baba yake alitoa za karafuu, mie nikatoa za mchezo wa kinamama, na ami yake aliyeko Muscat akamalizia. Huyo ami mumweke akilini, tutamrudia.

Sasa sifa, maana wanastahili. Kocha wao mkuu ni mwalimu khasa. Nilikaa kwa dada yangu Fuoni wiki ile, nikawa naenda kuangalia jioni. Mwanangu anacheza beki ya kushoto, na kwa miaka yote niliyomwona akicheza hapa nyumbani, mpira ukimjia anautuliza kwanza, halafu ndiyo ananyanyua kichwa kutafuta wa kumpa. Kocha akamsimamisha pembeni, akasimama nyuma yake na vidole vyake vimenyooshwa, akamwambia: "Kabla haujakufikia, geuka uniambie nimeonesha vingapi." Mpira unakuja, mtoto anageuza shingo, "Viwili!", anaupokea kwa mguu wa mbali, mwili umeshafunguka, anautoa. Tena. "Vinne!" Tena. Akikosea idadi, mpira anaurudisha hata kama kaupokea vizuri. Mpaka jua linazama kijana alikuwa anageuka mwenyewe bila kuambiwa, na mpaka leo hajaacha. Kwa hilo peke yake sina kinyongo na sehemu ya pesa yangu.

Malazi ni dakhalia ya skuli, safi, neti zipo. Chakula cha kawaida, wali na maharage, samaki siku nyingine. Maji ya kunywa uwanjani ni machache mno kwa watoto wengi vile na jua la Unguja. Kiwanja cha nyasi bandia cha kwenye tangazo walikikodi siku ya mwisho tu, siku nyingine ni mchanga na njumu zinaumia bure.

Ninachotaka kukisema kwa urefu ni mambo mawili: goti, na ile meza ya siku ya mwisho.

Mwanangu ana miaka kumi na tano na mwaka huu karefuka ghafla, suruali zake zote nimezishusha pindo. Katikati ya kambi nikamwona anakimbia mguu mmoja unachelewa. Namuuliza, "Hakuna kitu, mama." Usiku dada yangu alipompelekea chakula akamkuta anajifunga bendeji chini ya goti, kisha anavuta soksi juu ili kocha asione. Pamevimba, pale chini ya kofia ya goti, hata ukigusa kidogo anaruka. Tuliporudi daktari akatueleza kuwa ni jambo la watoto wanaorefuka haraka na kukimbia sana: mshipa wa paja unavuta pale unaposhika mfupa wa ugoko, mahali ambapo mfupa bado haujakomaa. Kwa jina la kitabuni ni Osgood-Schlatter. Si la kukatisha mpira maisha, ila linataka apunguze kukimbia na kuruka mpaka maumivu yatulie, aweke barafu, avumilie.

Nilipombana kwa nini alificha, akasema: "Mama, ningetoka, ami angesema pesa yake imepotea." Ami yake, jamani, ni mtu mwema na anampenda. Lakini kila Ijumaa baada ya sala anapiga simu, na swali lake la kwanza limekuwa "Kapata timu?" Zamani alikuwa akiuliza mitihani. Kocha naye sina la kumlaumu, hakujua, kwani mtoto alimficha kwa bidii kuliko anavyosoma hesabu. Ninachowalaumu wenye kambi ni kuwatangazia watoto kila asubuhi kwamba jina linaweza kukatwa kwenye orodha ya siku ya mwisho wakati wowote. Mtoto wa umri ule ukimwambia hivyo, atacheza hata mguu umevunjika.

Tuje kwenye meza. Siku ya mwisho walikuja wageni waliovaa kofia, tukaambiwa ni maskauti. Baada ya mechi wazazi wa watoto wachache tukaitwa pembeni, mmoja mmoja. Nami nikaitwa. Moyo ulinidunda, nisidanganye, na mtoto alikuwa amesimama mbali anatutazama midomo.

Bwana mmoja akajitambulisha kuwa ni wakala, akanionesha kadi iliyopigwa plastiki. Akasema mwanangu ana nafasi ya kwenda kufanya majaribio Ureno, nitoe dola 1,500 za barua ya mwaliko na viza, pasi ya kusafiria juu yangu. Halafu karatasi ya kutia saini: kambi itapata asilimia 30 ya fedha za uhamisho wa mtoto huko mbele. Na mwisho, kwa sauti ya chini kabisa: "Mama, huyu anaonekana mkubwa kidogo. Cheti cha kuzaliwa hakiwezi kutengenezwa kingine, tumrudishe miaka miwili?" Nikamwambia, "Baba, mie nilikuwepo alipozaliwa." Akacheka, nikaondoka na karatasi yake mkobani.

Karatasi nilimpelekea mtoto wa dada yangu anayesomea sheria chuoni Tunguu. Akasoma, akaniambia, "Mama mdogo, usitie hata alama ya wino." Yale aliyonieleza nayaweka hapa, maana hakuna mzazi pale aliyeambiwa.

Kwanza umri. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine. Milango ya pembeni ipo michache: wazazi wake wamehamia nchi hiyo kwa sababu zao zisizohusu mpira, au wanakaa karibu sana na mpaka, au ni kijana anayehama ndani ya Ulaya akiwa na miaka 16 hadi 18, na mengine machache ya namna hiyo. Mtoto wa fundi cherehani wa Wete hayumo humo. Hata klabu hiyo ya Ureno ingempenda vipi, haiwezi kumsajili sasa. Kwa hiyo dola 1,500 zingenunua matembezi.

Pili hiyo asilimia 30. Tangu Mei 2015 FIFA imepiga marufuku mtu wa pembeni ambaye si klabu kumiliki sehemu ya fedha za uhamisho wa mchezaji. Karatasi yao ina mihuri miwili na haina maana hata robo.

Tatu uwakala. Wakala ana leseni ya FIFA, tangu 2023 anaifanyia mtihani, na majina yao yako wazi kwenye tovuti ya FIFA, unatafuta kwa simu tu. Tulilitafuta la bwana yule kwa herufi zote tulizoweza kuzifikiria, halimo. Na mie nina hoja yangu ya dukani: nikishona suti ya harusi analipa anayekwenda kuivaa, sijawahi kukidai kitambaa. Wanaotaka mchezaji ndio watoe pesa. Ukiona mzazi ndiye anayetoa kila hatua, basi jiulize biashara pale ni ya nini.

La cheti silizungumzi sana, limeshatutia aibu. Mwaka 2018 timu yetu ya vijana iliondolewa kwenye mashindano ya CECAFA, ya nchi za Afrika Mashariki na Kati, ya chini ya miaka 17 kule Burundi kwa sababu ya umri wa wachezaji. Tangu 2009 FIFA inapiga picha za kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la vijana hao, mfupa unasema wenyewe. Na mtoto akishapunguziwa miaka miwili, cheti cha skuli kinasema hivi na cha mpira vile. Nani atamsafishia akija kutaka kazi?

Kuna jambo jingine ambalo kijana wetu wa Tunguu alinieleza, nikalipenda mpaka nikamwambia arudie. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya fedha hizo hugawiwa klabu zilizomlea tangu akiwa na miaka 12 mpaka 23. Mwaka mmoja wa malezi kati ya miaka 12 na 15 ni robo ya asilimia moja. Yaani akiuzwa kwa dola milioni moja, timu iliyokuwa naye mwaka mzima alipokuwa na miaka 13 inastahili dola 2,500. Sasa fikiria timu yetu ya vijana, Juvenile, hapa mtaani, ambayo mipira inaazima na nyavu za goli zimeungwa kwa mshipi wa kuvulia. Lakini lazima timu iwe imesajiliwa rasmi na jina la mtoto liwe limeandikwa, mwaka kwa mwaka. Kambi ya likizo haiandiki jina popote. Tena sisi Zanzibar si wanachama wa FIFA; hata CAF, shirikisho la mpira la Afrika, walitupokea Machi 2017, Julai wakatutoa. Hati ya uhamisho wa kimataifa inatoka TFF, shirikisho la mpira la Tanzania, kwa hiyo anayekwambia atakumalizia kila kitu hapa hapa Unguja, muulize kwa hati ya nani.

Baba yake alinuna siku mbili tatu kwa kukataa kwangu. Akasema Feisal Salum naye katoka hapa hapa Zanzibar. Kweli, Fei Toto katoka hapa, kacheza klabu ya JKU kisha 2018 akenda Yanga, mtu mzima. Na bado mwishoni mwa 2022 alipotaka kuondoka ilikuwa vuta nikuvute ya mkataba mpaka katikati ya 2023 ndiyo akenda Azam, nchi nzima ikizungumza. Mtu mwenye jina lile, na wanasheria. Siye tutakwenda na nini? Na Samatta anayesemwa kila siku: alizaliwa 1992, akapita Simba, akakaa TP Mazembe Kongo tangu 2011, Ulaya kaingia Genk ya Ubelgiji Januari 2016, na Aston Villa ya Uingereza Januari 2020. Hakubebwa na barua ya mwaliko akiwa kidato cha pili.

Kwa hivyo inafaa kwa nani? Kama mtoto wako yuko Unguja, unaweza kumpeleka kutwa bila kulala (wanakubali ukiwabana, na ada inapungua), na anataka kujifunza mpira, mpeleke, kocha yule ana kitu cha kumfundisha. Mwambie kabla hajaondoka kwamba akiumia atoke, na pesa ishaliwa, hadaiwi na mtu. Jezi usinunue mpaka wakushike shati. Risiti chukua ya kila senti, maana wanaandika kwenye daftari tu. Siku ya mwisho nenda wewe mwenyewe, usimtume mtoto mezani, na usiende na kalamu. Kutoka Pemba, kwa bei ile na bahari ile, mie simrudishi.

Kijana sasa anapumzisha goti, na jioni anakwenda kukaa benchi la Juvenile kuwaonesha wadogo vidole vya yule kocha. Ami yake nimemwomba simu ya Ijumaa aanze na mitihani. Amejitahidi wiki moja.

Video ya elfu themanini mpaka leo haijaja. Kila nikipiga wanasema inahaririwa. Nimewaambia wachague: waniletee mwanangu akicheza, au waniletee themanini yangu, na nauli ya simu nilizopiga nitawaandikia kwenye daftari.