Corolla AE100 inayokunywa mafuta: uzoefu wangu na fundi umeme wa Ng'ambo, Tabora

Corolla hii ninayo mwaka na miezi minne sasa. Ni AE100 ya 1994, injini 5A-FE, cc 1,498, niliinunua mkononi kwa mtu hapa hapa Tabora. Bodi ilikuwa safi, gia laini, na siku ya kuijaribu iliwaka kwa kugusa ufunguo tu. Shida ikajitokeza kwenye mafuta. Nafundisha nje ya mji, njia ya Sikonge, na wenzangu wenye gari kama hili wanapata kilomita 12 hadi 13 kwa lita. Mimi nilikuwa napata 7. Ukisimama nyuma ya ekzosi macho yanawasha. Plagi ukizitoa ni nyeusi tii, masizi yanabaki kidoleni kama umeshika sufuria ya kuni.

Lengo langu ni kueleza huduma niliyopata kwa mzee mmoja, fundi umeme wa magari pale Ng'ambo, lakini siwezi kuieleza bila kutaja pesa iliyoteketea kabla sijamfikia.

Gereji ya kwanza walibadilisha plagi na chujio la hewa, wakasafisha nozeli. Wiki mbili, plagi nyeusi tena. Gereji ya pili wakasema ni sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi ili kompyuta irekebishe mafuta. Nikaiagiza Dar kwa shilingi 95,000, ikaja na basi, ikafungwa, na ulaji ukabaki ule ule. Wakanishauri tutoe masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, nikakataa. Katikati ya hayo nilinunua kile kidude cha Bluetooth, ELM327, cha kusomea makosa ya injini kwenye simu. Mwenye AE100 asijisumbue nacho. Kinatumia mfumo wa OBD2, ambao Marekani waliulazimisha kuanzia magari ya mwaka 1996, na gari langu halina hata soketi ya kukichomeka. Nimempa mwalimu mwenzangu mwenye gari la karibuni zaidi, kwake kinafanya kazi vizuri.

Ndipo jirani akanielekeza kwa mzee.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Linaumwa nini?"

Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza maswali mawili tu. Asubuhi linawaka? Nikamwambia linawaka bila shida. Na ukilizima likiwa na moto, ukarudi baada ya dakika kumi? Hapo ndipo penye kazi: lazima nikanyage mafuta mpaka chini na kupiga starta mpaka naionea huruma betri. Hakuna fundi aliyekuwa ameniuliza hilo kabla, na mimi sikujua kama lina uhusiano.

Alifungua kile kiboksi chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS, akaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, akaniambia nifungue swichi bila kuwasha injini. Taa ya cheki injini ikapepesa kwa mwendo mmoja, bila kupumzika. Kwa Toyota za umri huu, maana yake hakuna kosa lililohifadhiwa. Kama waya wa sensa ya joto la maji ungekuwa umekatika, taa ingepepesa mara mbili, ikatulia kidogo, ikapepesa mara mbili tena: kodi 22, yaani namba ya kosa hilo. Gereji ya pili nao walifanya kipimo hiki, wakasema kompyuta haina neno, wakafunga boneti. Mzee hakufunga. Alisema, "Taa inatuambia waya hazijakatika. Haijatuambia kama kinachosomwa ni cha kweli."

Akaniomba nimwachie gari lilale. Najua wengi hamtalipenda hilo, hata mimi nilirudi nyumbani kwa bodaboda nikinung'unika. Kesho yake saa moja asubuhi, injini ikiwa baridi, alipima umeme kwenye waya wa THW, unaopeleka habari ya joto la maji kwenye kompyuta, kule chini ya dashibodi. Mita ikasoma volti 2.2. Akawasha gari. Tukasubiri mpaka mshale wa joto ukafika katikati na feni ya rejeta ikaanza kuzunguka. Akapima tena, akaniita nitazame kwa macho yangu. 2.2. Injini ikiwa na moto ule ilitakiwa isome chini ya volti 1.

"Mwalimu, kitu kinachopima joto hakiwezi kutaja namba ile ile asubuhi na mchana."

Nikamuuliza mbona mshale wa dashibodi unapanda vizuri. Akanieleza kwamba mle kuna sensa mbili. Ya mshale ina waya mmoja. Ya kompyuta ni nyingine kabisa, ina waya mbili na soketi ya kijani. Ya mshale kwangu ni nzima, na ndiyo iliyowaridhisha mafundi wote waliotangulia.

Tukaanza kuitafuta ile ya waya mbili. Ubavuni mwa injini, chini ya distribyuta, mahali inapotakiwa kukaa, palikuwa na bolti. Bolti ya kawaida, imezungushiwa ile tepu nyeupe ya mabomba ya maji. Soketi ya kijani aliikuta nyuma ya manifodi, imeviringishwa tepu nyeusi na kusukumwa isionekane. Aliichana tepu kwa wembe taratibu. Ndani mlikuwa na rezista ndogo, kizuizi cha umeme chenye kipimo kisichofuata joto, haizidi punje ya mchele, ina mistari mitatu myekundu na mmoja wa dhahabu. Ohm 2,200.

Nilikasirika sana pale, na bado nikiikumbuka nakasirika. Sensa yenyewe kwa Toyota hizi husoma kati ya ohm 2,000 na 3,000 joto likiwa nyuzi 20, na hushuka hadi kati ya 200 na 400 likifika nyuzi 80. Kwa hiyo kwa miezi yote ile kompyuta iliamini injini ina baridi ya asubuhi ya Juni, hata jua la saa nane mchana, ikaendelea kumimina mafuta kama ndiyo kwanza gari linawashwa. Na kwa kuwa iliamini injini haijapata moto, haikuanza kabisa kuisikiliza sensa ya oksijeni. Ile niliyoiagiza kwa 95,000 ilikuwa inaongea peke yake.

Kinachouma zaidi ni kwamba aliyetoa sensa angeziacha waya zikining'inia, ingekuwa nafuu kwangu. Taa ingewaka, kompyuta ingejikadiria yenyewe nyuzi 80 kama akiba, asubuhi gari lingesumbua kuwaka na fundi yeyote angeiona kodi 22 siku ya kwanza. Rezista iliwekwa ili tatizo lisionekane.

Mzee alileta sensa mbili, ya mtumba ya 15,000 na mpya ya 40,000. Hakunisukuma nichukue ipi. Alimwomba mama ntilie wa jirani kikombe cha maji yanayochemka, akatumbukiza ncha za zote mbili na kuzipima. Ya mtumba ilishuka, ikagoma kwenye ohm 900. Mpya ilishuka mpaka karibu 250. Nikalipa 40,000. Akapunguza maji ya rejeta, akatoa bolti, akafunga sensa kwa spana ya 19 na washa mpya. Ufundi 30,000.

Tangu hapo nimepima ulaji mara tatu kwa kujaza tangi mpaka juu: 11.6, 12.1, 12.3. Likiwa na moto linawaka papo hapo. Plagi zimeanza kuwa na rangi ya kahawia.

Mapungufu yapo. Anafanya kazi peke yake, foleni ni ndefu, na risiti hana, hivyo anayehitaji karatasi za ofisi atapata shida. Kwa uchunguzi, hata hivyo, sijaona wa kumfananisha naye hapa mjini. Hakuninunulisha kitu chochote kabla hajapima.

Anayetaka kununua AE100 ya mkononi, kabla ya kulipa amwambie fundi wake amwonyeshe kwa kidole ile soketi ya kijani na sensa iliyochomekwa ndani yake. Vilevile aangalie taa ya cheki injini kama inawaka unapofungua swichi, na kama inazimika injini ikishawaka.

Kwangu limebaki jambo moja. Ile bolti ilikula uzi wa tundu, na pembeni ya sensa panatoka unyevunyevu kidogo injini ikipata moto. Mzee amesema likizidi tutabadilisha kipande chote kinachoshika sensa, ameshaanza kukiulizia. Kwa sasa naangalia maji kila asubuhi kabla sijawasha.