Mota za mlango wa gereji: ipi ununue, ipi uiache

Soma maboksi manne ya mota za mlango wa gereji na utadhani ni bidhaa moja iliyobadilishiwa rangi. Zote zina nguvu, zote ziko kimya, zote zinakuja na rimoti mbili. Na wakati mwingine ni kweli: Chamberlain na LiftMaster ni majina mawili ya kampuni moja. Kwa hiyo weka jina kando, uanze na mlango wenyewe.

Uzito wa mlango haubebwi na mota, unabebwa na springi. Mota inauvuta na kuushusha tu. Mlango ukiwa umefungwa, vuta kamba nyekundu inayoutenganisha na mota ya zamani (kama ipo), kisha uinue kwa mkono hadi kiunoni na uuachie taratibu. Mlango ukitulia hapo hapo, springi ni nzima. Ukishuka kwa kishindo, au ukipaa wenyewe, tafuta fundi kabla ya kununua chochote. Usijaribu kuzikaza mwenyewe: springi iliyosokotwa juu ya mlango ina nguvu ya kuvunja mkono.

Ndiyo maana sibabaishwi na nguvu-farasi zinazoandikwa kwa maandishi makubwa. Mlango wa gari moja wenye springi nzima unatosheka na nusu, na ule mpana wa magari mawili, hasa wa mbao, upewe robo tatu. Mota za Ulaya huandikwa kwa nyutoni, kipimo cha nguvu ya kuvuta. Huko 600 ni za mlango mdogo, 1000 ni za mlango mzito. Zaidi ya hapo unalipia sifa. Nazungumzia milango inayopanda na kulala chini ya dari. Ule unaojiviringisha kama mkeka una mota zake tofauti kabisa.

Namba moja kwangu ni mota ya DC (ya umeme wa mkondo mnyoofu, kama wa betri) yenye mkanda. Mkanda huo ni wa mpira ulioimarishwa kwa nyuzi ngumu ndani, hakuna chuma kinachogonga chuma, na mota ya DC huanza polepole na kumaliza polepole, kwa hiyo mlango hautui kwa kishindo. Kama kuna anayelala chumba cha juu ya gereji, mjadala umeishia hapa. Faida nyingine ni kwamba mota ya namna hii huendeshwa kwa betri bila taabu umeme ukikatika. California ilijifunza hilo kwa machungu: katika mioto ya nyika ya 2017 umeme ulikatika na watu wakashindwa kufungua gereji zao wakimbie. Sheria ikatungwa, na tangu Julai 2019 kila mota mpya ya gereji ya nyumbani inayouzwa huko lazima iwe na betri ya akiba. Soma boksi kwa makini lakini. “Inakubali betri” maana yake betri hukupewa, utainunua kivyake.

Namba mbili, mnyororo. Ni wa bei nafuu, unavumilia mlango mzito, na kila fundi anaujua. Una kelele, na mtikisiko wake husafiri kwenye dari hadi vyumbani. Kama gereji imesimama peke yake mbali na nyumba, nunua huu na chenji ubaki nayo. Mkanda hapo ni anasa.

Mota ya ukutani naiweka ya tatu, si kwa ubaya wake bali kwa sababu haifai milango mingi. Inafungwa pembeni na kuzungusha mhimili wa springi moja kwa moja, dari inabaki wazi. Mlango wako ukitumia springi ndefu za kuvutika pembeni badala ya mhimili wa juu, isahau. Dari yako ikiwa ya juu sana au ya mteremko, inapanda hadi namba moja, ukikubali bei yake.

Mota ya parafujo, inayouvuta mlango kwa kuzungusha skrubu ndefu, ni ya mwisho. Vipande vyake ni vichache, lakini inataka grisi na haipendi joto na baridi vikibadilika sana.

Rimoti ndiyo sehemu ambayo wanunuzi wengi huipita haraka. Mwaka 2015 Samy Kamkar, mtafiti wa usalama wa kompyuta, alitumia kifaa cha kuchezea cha watoto kuonyesha kwamba mlango wenye namba ya siri isiyobadilika unafunguka ndani ya sekunde kumi. Nunua mota ambayo namba yake hubadilika kila unapobonyeza. Mota ya mtumba yenye vijiswichi vidogo ndani ya rimoti, ambavyo ndivyo hupanga namba isiyobadilika, iache, hata ukipewa bure.

Kuhusu waifai, isikuongezee bei. Mwishoni mwa 2023 Chamberlain ilizifungia programu za nje zisizoidhinishwa kuingia kwenye myQ, huduma yake ya kuendesha mlango kwa simu, na waliokuwa wameiunganisha na mifumo yao ya nyumbani wakakatika. Mota inayokubali swichi ya kawaida ya nyaya mbili inakuacha huru zaidi.

Kabla ya kulipa pima urefu wa mlango, kwa kuwa reli nyingi zimekatwa kwa mlango wa futi 7, na wa futi 8 unahitaji nyongeza. Hakikisha macho ya usalama, yaani vihisi vya mwanga vinavyozuia mlango usimfungie mtu au kitu, yamo ndani ya boksi; nchini Marekani ni lazima tangu 1993, na hufungwa yasizidi sentimita 15 kutoka sakafuni. Siku ya kufunga, laza ubao wa unene wa sentimita 4 hivi chini ya mlango na uufunge. Mlango ukigusa ubao urudi juu ndani ya sekunde mbili. Usiporudi, fundi asikusanye vifaa vyake kwanza.