Eti betri imezeeka kama mimi

Nianze na neno lenyewe, maana hadi leo likinijia nikiwa jikoni naacha kukoroga. "Mathe, betri huzeeka. Hata watu huzeeka." Kijana wa kaunta kwenye duka la kutengeneza laptopu ndiye aliyelisema, macho yake yakiwa kwenye simu, na mwenzake aliyekuwa akichomelea kitu kule nyuma akacheka. Nina miaka 53. Nilitoka pale barabara ya Luthuli, Nairobi, nikashuka ngazi za ghorofa mbili nikijibizana naye peke yangu, watu wakinipisha.

Duka silitaji. Waliowahi kupanda ngazi zile wanalijua.

Nilikuwa nimewalipa shilingi 1,500 wiki moja au mbili kabla, waniwekee Windows 11, mfumo mpya wa kuendeshea laptopu yangu. Si kwamba niliitaka. Ile ya 10 nilikuwa nimeizoea kama sufuria yangu ya ugali, lakini msaada wake kutoka Microsoft, ule wa kuziba mianya ya usalama, uliisha Oktoba 14, 2025, na mimi mafaili yangu yamejaa nambari za vitambulisho na picha za watu. Kazi yangu ni kutengeneza programu za mazishi: naandika wasifu wa marehemu, napanga picha, napeleka kwa mchapishaji usiku, asubuhi zinachukuliwa. Nikaona nisicheze na usalama. Nikapeleka laptopu, nikaipata jioni, inang'aa. Kijana akanionyesha kitufe cha kuanzia kimehamia katikati. Nikashukuru. Nikaongeza hata hamsini ya soda.

Sasa sikilizeni kilichonipata mtaa wa Umoja.

Ilikuwa jioni ya mkutano wa mazishi, sebule imejaa, wengine wamekaa kwenye kreti za soda. Stima zikapotea. Watu wakaguna, mimi nikawaambia wasiwe na wasiwasi, nina asilimia 70, tuendelee. Asilimia 70 kwa laptopu yangu niijuayo ni saa mbili na ushei. Shangazi wa marehemu alikuwa ananitajia wajukuu mmoja mmoja, kwa mpangilio wa kuzaliwa, polepole, kwa sababu mzee alikuwa na nyumba mbili na hapo jina moja likiruka mazishi yenyewe yanaweza kukwama. Tulikuwa tumemaliza nyumba ya kwanza. Tumeingia ya pili. Feni ya laptopu inavuma kama posho mill, mapaja yangu yanaungua, nami nakaza roho. Hata dakika arobaini hazikuisha. Skrini ikazima.

Kijana mmoja akanimulika na tochi ya simu usoni, kana kwamba nimeshikwa na kuku. Shangazi, sauti yake ile ile ya upole, akauliza, "Yule wa mwisho umemwandika?"

Sikuwa nimemwandika. Wala sikuwa nimehifadhi chochote tangu kwa mabinti. Nilianza upya wajukuu wote nyuma ya daftari la michango, kwa kalamu ya kuazima.

Kesho yake nikarudi dukani. Nilikuwa na dalili zangu tatu, nimezipanga kama mtu anayekwenda kwa daktari. Moja, mwangaza wa skrini haupungui. Nabonyeza vitufe vyake, hakuna kitu, inawaka tu kama taa ya uwanja. Mbili, feni haipumziki hata nikiwa sijafungua chochote. Tatu, nikiifunika hailali. Naitia kwenye mkoba, napanda matatu, nikifika naitoa ina joto la kuchemsha uji.

Hakuiwasha. Hilo ndilo linaloniuma kuliko bei. Aliinyanyua kwa mkono mmoja kama mtu anayekisia uzito wa kabichi, akairudisha kwenye kaunta, akasema betri. Orijino 6,500. Ile nyingine 4,500. Nikamuuliza, betri imezeekaje siku ileile mliyoniwekea mfumo mpya? Ndipo akanijibu jibu lake.

Na niseme ukweli: ningekuwa na hizo 6,500 ningetoa. Kilichoniokoa ni ufukara.

Nina mpwa wangu Eldoret anayefanya kazi za kompyuta. Nikampigia usiku nikiwa bado nafoka. Akaniacha nimalize, kisha akasema, "Shangazi, usinunue kitu. Fungua lile dirisha jeusi la amri, uandike ninavyokutajia." Akanitajia herufi kwa herufi: powercfg /batteryreport. Nikabonyeza, ikaniambia imehifadhi ripoti mahali fulani, tukaitafuta, ikafunguka kama ukurasa wa intaneti. Ina mistari mingi ya kutisha, lakini akaniambia nisome miwili tu, ule wa uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na ule wa inavyojaa sasa. Wa kwanza ulikuwa 48,000 na kitu. Wa pili, 40,000 na kidogo.

"Hiyo ni kama asilimia 83," akasema. "Kwa umri wake, hiyo betri ni mzima wa afya."

Mzima wa afya! Ripoti hiyo iko ndani ya mashine yenyewe. Haihitaji bisibisi, haihitaji bando, inachukua muda wa kupiga chafya. Kijana anashinda na laptopu kutwa, ananiambia nimezeeka kabla ya kuandika amri moja.

Kisha mpwa akaniuliza kuhusu mwangaza. Nilipomwambia haushikiki, akacheka cheko la mtu aliyeshapata jibu. Akanipeleka kwenye orodha ya vifaa, sehemu ya skrini, nimsomee kilichoandikwa. Microsoft Basic Display Adapter. Basi akanieleza. Hiyo ni draiva ya dharura, yaani programu ndogo ya kuongoza skrini, ya kukuwezesha kuona kitu tu hadi ile halisi ya laptopu yako ifike. Ile halisi ikikosekana, kazi yote ya kuchora skrini inabebwa na prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ndiyo maana joto, ndiyo maana feni. Vitufe vya mwangaza havina wa kuongea naye. Na mashine haijui kulala. Dalili zangu zote tatu, ugonjwa mmoja, na betri haimo.

Mbona draiva halisi haikufika? Kwa kawaida mfumo huitafuta wenyewe kupitia masasisho ukipata intaneti. Lakini hawa walikuwa wamefuta kila kitu wakaweka upya, halafu wakasimamisha masasisho. Na kwa kuwa walifuta kila kitu, hata njia ya kurudi kwenye ile ya 10, ambayo ukipandisha mfumo bila kufuta unakuwa nayo kwa siku kumi, kwangu haikuwepo. Nikawa tayari kuwaita wezi. Mpwa akasema, kwa uangalifu, kwamba mafundi wengi husimamisha masasisho kwa sababu wateja hulalamika bando linaliwa.

Hapo nikanyamaza kidogo.

Kwa sababu nilisema. Siku ile naacha laptopu, nikiwa mlangoni, nilimgeukia yule kijana nikamwambia, "Na hiyo kitu yenu isinimalizie bando." Maneno yangu mwenyewe. Kwa hiyo labda nusu ya lawama ni yangu. Labda robo. Lakini nilisema isinimalizie bando, sikusema waiache kipofu! Fundi anayejua kazi angeweka draiva kwanza, pale pale dukani, kwa waifai yao, kisha afunge anachotaka kufunga. La, hata robo siikubali.

Nikaenda kwa jirani mwenye waifai, tukaruhusu masasisho, nikalala nikiiacha ikivuta. Alfajiri nikaizima nikaiwasha. Skrini ikapepesa mara moja, ikawa nyeusi, moyo ukanipasuka, kisha herufi zikarudi zimenyooka. Nikabonyeza kitufe cha mwangaza. Ukapungua. Nikaupandisha. Nikaupunguza. Nilicheza nao kama mtoto aliyegundua swichi, mume wangu akauliza ni nani anapiga radi.

Siku moja au mbili bado ilikula chaji. Mpwa alikuwa ameshanionya: mfumo ukiwa mpya unapitia mafaili yote na kuyapangia faharasa ili utafutaji uwe wa haraka, na mimi nina picha za marehemu za miaka. Ikamaliza, ikatulia. Akanihamisha pia kwenye hali ya kuokoa chaji, wao walikuwa wameiacha kwenye ile ya nguvu kamili. Leo asilimia 70 inanipa saa mbili. Si kama zamani kabisa, lakini nyumba mbili za wajukuu zinaandikika.

Kwa hiyo duka nawapaje? Nilianza kuandika haya nikitaka kuwanyima kila kitu. Halafu nikamkumbuka mzee wa pale, fundi wa kibodi, aliyenitengenezea herufi M iliyokuwa imekwama, akanivutia stuli, akanionyesha punje ya wali aliyoitoa chini yake kwa kibano, na kuniita mama muda wote. Sijui kama bado yupo. Sikumwona mara hizi mbili.

Juzi nilipita tena, nilikuwa naenda kununua wino. Msichana wa chuo alikuwa kaunta, laptopu yake imefunikwa mbele yake, na yule kijana, macho kwenye simu, anamwambia orijino ni 6,500.

Nikamwambia msichana, "Mwambie aiwashe kwanza, mwanangu."

Ndipo kijana akainua macho.

Nyota mbili. Zote ni za mzee wa kibodi.